Bomba la Moshi na Nguvu ya Injini: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu Kimoja cha Ufundi

Utangulizi

Mwalimu mmoja wa ufundi wa magari ametuletea kijitabu kilichofasiriwa kwa Kiswahili, akatuomba tukisome na kukitolea maoni. Kijitabu hicho hutiwa katika sanduku la vipuri vinavyouzwa kwa wenye pikapu za dizeli. Kinaeleza namna ya kubadili njia inayoingiza hewa katika injini na njia inayotoa gesi zilizokwisha kuungua, pamoja na kufunga tabo, ili gari lipate nguvu zaidi. Asili yake ya Kiingereza imechapwa upande wa pili wa kila ukurasa, kwa hiyo tumeweza kulinganisha sentensi kwa sentensi. Hatutamtaja mfasiri wala waliokichapa. Makosa tuliyoyakuta humo tumeyakuta pia katika maandishi mengine mengi ya ufundi, na baadhi yake, twakiri, tumewahi kuyafanya sisi wenyewe.

Pamoja na kijitabu, mwalimu huyo aliweka mezani petu kitu cha pili kilichofungwa katika gazeti. Kilikuwa pistoni ya aluminiamu iliyoyeyuka ukingo mmoja kama mshumaa. Ilitoka katika pikapu ya dereva mmoja achukuaye viazi kutoka vijiji vya milima ya Uporoto hadi soko la Mbeya. Dereva huyo anajua kusoma vizuri. Alikisoma kijitabu mwanzo hadi mwisho, akayafuata maagizo yake yote yeye na fundi wake, na kabla ya mavuno mawili kupita injini ikafa. Tulipoyasoma maagizo hayo kwa Kiingereza tuliona hayana kosa. Kosa liliingia wakati wa kufasiri, na kwa sehemu kubwa liliingia kupitia neno moja: moshi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotokea, na kupendekeza majina yanayofaa zaidi. Tunawaandikia wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaopitisha maandishi ya namna hii, kwani ndio wenye uwezo wa kulizuia lisitokee tena.

Jinsi injini ya dizeli inavyopumua

Kabla ya kuyapima maneno hatuna budi kukitazama kitu chenyewe. Injini ya dizeli imepata jina lake kwa Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepewa hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na ambaye injini yake ya kwanza iliyofaulu ilipimwa mjini Augsburg mwaka 1897. Injini hiyo haina plagi ya kutoa cheche. Huvuta hewa tupu, huibana mpaka iwe ya moto sana, kisha nozeli hunyunyiza mafuta ndani ya hewa hiyo nayo yakawaka yenyewe. Kazi hiyo yote hufanyika kwa mipigo minne ya pistoni: mpigo wa kuvuta hewa, mpigo wa kubana, mpigo wa kazi na mpigo wa kutoa.

Mafuta hayaungui bila hewa, na kiasi cha hewa kinachohitajika ni kikubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Tukihesabu kwa ujazo, lita moja ya dizeli huhitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa ya pwani. Tuchukue injini ya 1HZ, ambayo imefungwa katika pikapu za Land Cruiser tangu mwaka 1990 na ndiyo iliyokuwa katika gari la dereva wetu. Ina silinda 6 zenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Kwa kuwa kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko miwili, injini hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hupitisha, kwa hesabu ya karatasi, lita 6,246 za hewa kila dakika. Hizo ni zaidi ya lita 100 kila sekunde, zinazopita katika chujio na mipira ambayo mwenye gari pengine hajaifungua tangu alinunue. Zikishaungua pamoja na mafuta hutanuka kwa joto, na hazina budi kutoka zote ili zipishe nyingine.

Hapa ndipo panapotokea haja ya kupanua njia. Ikiwa njia ya kuingia ina kizuizi, hewa hupungua. Ikiwa njia ya kutoka ina kizuizi, pistoni hutumia sehemu ya kazi yake kusukuma mabaki nje, na mengine hubaki ndani yakachukua nafasi ya hewa safi. Juu milimani mambo huwa magumu zaidi. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya pwani kwa takriban moja ya sita. Pampu ya kawaida ya mafuta haijui habari hizo. Huendelea kutoa kiasi kile kile cha dizeli kilichopimwa bondeni. Mafuta yakizidi hewa, yale yasiyopata hewa hugeuka masizi. Huo ndio moshi mweusi tunaouona nyuma ya malori yapandapo mlima Kitonga. Msomaji alishike jambo hili, maana uhakiki wetu unalitegemea: moshi mweusi wa dizeli ni mafuta yaliyokosa hewa, na ni dalili ya nguvu iliyopotea.

Tabo ilibuniwa ili kulitatua tatizo hilo. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza yake mwaka 1905. Tabo ina magurudumu mawili madogo katika mhimili mmoja. Gesi za moto zitokazo katika injini hulizungusha gurudumu la kwanza, nalo la pili likashindilia hewa safi ndani ya injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo huweza kuongezwa. Na mafuta yakiongezwa, joto la gesi zitokazo hupanda. Kwa sababu hiyo anayefunga tabo katika injini isiyoundwa kwa tabo hushauriwa kufunga pia kipimajoto.

Ulaji wa hewa baridi

Sasa tukirudie kijitabu. Ukurasa wa kwanza una kichwa kisemacho: "Kupandisha daraja ulaji wa hewa baridi." Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo bila picha hatajua kama anaambiwa habari za barabara, za mwalimu aliyepata cheo, au za mgonjwa aliyeagizwa chakula. Mfasiri alitafuta katika kamusi neno la Kiingereza lenye maana ya kuingiza, akakuta maana yake ya kitabibu, yaani kiasi cha chakula mtu alacho kwa siku, akaichukua. Tena "ulaji" katika ofisi zetu una maana nyingine, ambayo wasomaji wa jarida hili wanaifahamu na hatuna haja ya kuifafanua.

Hata hivyo kosa la "ulaji" si baya sana, kwani msomaji hucheka kisha akatafuta maana kwenye mchoro. Neno "baridi" ndilo lenye kupotosha. Kiingereza kinasema tu kwamba hewa ichukuliwe nje ya chumba cha injini, ambako haijapashwa moto na rejeta na manifodi. Hewa ya mchana wa Morogoro ni hewa ya nje, lakini hakuna mtu aliyesimama juani atakayeiita baridi. Mafundi waliolisoma neno hilo, kwa kadiri mwalimu alivyotueleza, walidhani kuna kifaa cha kuipoza hewa ambacho hakikutiwa katika sanduku, wakamshitaki muuzaji kwamba amewapunja. Ingalitosha kuandika "njia ya kuingizia hewa ya nje". Jina hilo linamwambia fundi aweke mdomo wa bomba wapi.

Kuna na kitenzi kimoja kilichoachwa. Asili inasema kwamba kupanua njia ya hewa "kunaruhusu" nguvu kuongezwa. Tafsiri inasema "kutaongeza nguvu". Katika injini ya dizeli yenye pampu ya kizamani, nguvu hutokana na kiasi cha mafuta kinachotolewa na pampu. Ukiongeza hewa bila kugusa pampu, utapata moshi mdogo zaidi na joto dogo zaidi, lakini nguvu itabadilika kidogo tu. Mnunuzi aliyeahidiwa ongezeko halioni, huhisi ametapeliwa, na hapo huirudia pampu kwa bisibisi.

Bomba la moshi

Tumefika kwenye shina la jambo. Neno moja la Kiingereza limetumika katika asili kwa vitu vitatu: gesi zilizokwisha kuungua, bomba linalozitoa, na kitendo cha kuzitoa. Waingereza wanalivumilia kwa sababu maneno yanayolizunguka huonyesha ni lipi linalokusudiwa. Mfasiri wetu aliyaita yote "moshi" au "bomba la moshi", akibadilisha kufuatana na urefu wa mstari. Tutoe mifano miwili tu.

Katika ukurasa wa 9 asili inaagiza kwamba gesi zitoke kwa wingi bila kizuizi. Tafsiri inasema: "Hakikisha moshi unatoka kwa wingi." Dereva alipomaliza kazi alitazama nyuma akaona wingu jeusi. Alifurahi, maana kijitabu kilikuwa kimemwambia afurahi. Agizo lililokusudiwa kumwepusha na moshi limemfanya autafute.

Katika ukurasa wa 14 asili inasema kwamba joto la gesi, likipimwa kabla ya gesi hizo kuingia katika tabo, lisizidi nyuzi 700 za selsiasi kwa muda mrefu. Ni kiasi ambacho mafundi wengi hukichukua kuwa mpaka. Tafsiri inasema: "Joto la bomba la moshi lisizidi 700." Maneno ya kabla ya tabo yameachwa, labda kwa kuwa mfasiri aliona bomba ni bomba. Dereva akanunua kipimajoto kizuri, na fundi wake akatoboa tundu katika bomba la moshi kama lilivyo katika Kiswahili cha watu wote, yaani lile bomba refu lipitalo chini ya bodi na kutokea nyuma. Hapo gesi imekwisha kupita katika tabo na kusafiri mita kadhaa, na imepoa sana. Sindano ya kipimajoto haikupita 400 hata siku moja. Dereva alipanda milima akiwa na viazi juu na moyo uliotulia, huku ndani ya injini joto likiwa limevuka mpaka. Aluminiamu halisi huyeyuka kwa nyuzi 660. Pistoni huistahimili gesi iliyo moto kuliko kiasi hicho kwa sababu mipigo ya hewa safi na oili huipoza kila mara. Joto likizidi kwa muda mrefu, upozaji huo haufui dafu.

Yawezekana mtu akasema kwamba fundi mzuri angalijua. Twakubali kwamba fundi mwenye uzoefu wa tabo angalijua. Lakini kijitabu huandikwa kwa ajili ya yule asiyejua. Anayejua hana haja nacho. Tena fundi huyu hakupuuza maagizo. Aliyaheshimu, na tafsiri ikamwadhibu kwa kuyaheshimu.

Jina "bomba la moshi" lina ila nyingine pia. Linafundisha kwamba kitokacho katika injini ni moshi, kwa hiyo pasipoonekana moshi hapana kitu. Gesi nyingi zitokazo hazionekani kwa macho, na baadhi yake ni sumu. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliingiza mabaki ya injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Fundi aliyefunzwa kwamba adui ni moshi atawasha injini isiyo na moshi ndani ya gereji iliyofungwa bila wasiwasi.

Nguvu, nguvu, na nguvu

Asili inatofautisha mambo matatu. La kwanza ni kani, yaani msukumo wenyewe. La pili ni kani inayozungusha mhimili, ambayo hupimwa kwa nyutoni mita. La tatu ni kazi ifanywayo kwa muda fulani, ambayo hupimwa kwa kilowati au kwa nguvu-farasi. Vitabu vyetu vya fizikia vimekwisha kututengea maneno kani, kazi na nishati, lakini kijitabu kina neno moja tu: nguvu.

Hebu tusome: "Nguvu itaongezeka katika mizunguko midogo lakini nguvu ya juu haitabadilika." Mwenye gari atauliza, je, nimeongezewa au sikuongezewa? Jibu lipo katika hesabu ndogo. Tuchukue mfano wa injini inayotoa nyutoni mita 280 ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. Kilowati zake hapo ni 64 na nusu. Ikizunguka mara 3,600 na kutoa nyutoni mita 240 tu, kilowati zake ni 90. Kani ya kuzungusha imepungua, nguvu imeongezeka. Mwenye kubeba viazi mlimani anahitaji sana ile ya kwanza, na tabo iliyofungwa vizuri huweza kumwongezea hiyo hata kama kilowati za juu kabisa hazikupanda. Tafsiri imemnyima habari iliyomhusu kuliko zote.

La ajabu ni kwamba madereva wetu wanayo tofauti hiyo vinywani mwao siku zote. Husema gari lina mbio lakini halivuti, au linavuta lakini halina mbio. Mfasiri angaliuliza katika kituo chochote cha mizigo angalipata sentensi iliyo wazi: "Gari litavuta vizuri zaidi katika mizunguko midogo, ila mbio zake hazitaongezeka." Kwa maandishi ya kitaalamu hatuwezi kulichukua neno mvuto lenyewe, kwa kuwa fizikia imekwisha kulipa kazi nyingine, kwa hiyo tunapendekeza kani-mzunguko. Lakini katika kijitabu cha dereva kitenzi kuvuta kinatosha kabisa.

Madhara ya neno hili hayakuishia hapo. Ukurasa wa 11 unaagiza: "Kaza nati za manifodi kwa nguvu ya 40." Namba 40 haina kipimo, na "kwa nguvu" katika Kiswahili ina maana moja tu kwa mtu aliyeshika spana. Fundi alikaza kwa nguvu, na boliti mbili zikakatika ndani ya silinda hedi.

Unene, feni na vipozaji

Mambo mengine tutayapitia kwa haraka. Kijitabu kinasema bomba jipya liwe "nene". Asili inazungumzia kipenyo: inchi 3 badala ya inchi 2 na nusu, jambo linalopanua njia kwa asilimia 44. Bomba nene katika duka la vyuma ni lile lenye ukuta mzito, na ukuta mzito haupanui njia hata kidogo. Neno kipenyo limefundishwa katika shule za msingi kwa miaka mingi, na hatuoni sababu ya kuliogopa.

Magurudumu mawili ya tabo yote yameitwa "feni", sawasawa na feni ya rejeta. Kwa hiyo agizo la kukagua feni kama lina ufa linaweza kutekelezwa katika mahali patatu, na mawili kati yake si penyewe. Nacho chombo kinachopoza hewa iliyoshindiliwa na tabo kimeitwa "kipozahewa". Neno lenyewe limeundwa kwa ufundi mzuri, ila wapo wengi wanaolitumia kwa chombo cha kupoza chumba au ndani ya gari. Mafundi wamekwisha kuwa na neno lao, intakula, na halichanganyikani na kitu kingine chochote. Hatuoni faida ya kuliua neno lililo hai kwa ajili ya neno zuri linaloleta utata.

Kufuta chujio

Sura ya mwisho inahusu pikapu za miaka ya karibuni, ambazo zina chujio linalokamata masizi kabla gesi hazijatoka nje. Asili inaonya kwamba kuliondoa chujio hilo ni kinyume cha sheria katika nchi nyingi. Tafsiri inasema: "Kufuta chujio la moshi kunaweza kuhitaji kibali." Kufuta ni kwa kitambaa au kwa raba. Msomaji aelewe kwamba ataomba kibali cha kupangusa chujio? Na onyo limegeuka kuwa utaratibu wa ofisi, kana kwamba mtu akilipia fomu atapewa ruhusa.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2020 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira ilikisia kwamba zaidi ya pikapu 500,000 za dizeli nchini humo zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kuzuia uchafuzi katika muda wa miaka 10 hivi. Mtindo huo husafiri pamoja na vipuri na vijitabu vyake. Iwapo onyo la asili litapotea njiani, sisi wafasiri tutakuwa tumeusaidia kuvuka bahari.

Chanzo cha makosa

Tumejiuliza kwa nini mtu ajuaye Kiingereza vizuri na Kiswahili vizuri aandike hivi. Tumeona sababu mbili. Ya kwanza ni kazi ya mezani. Mfasiri alikuwa na kamusi na orodha, lakini hakuinama chini ya gari. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, orodha nyingi za istilahi zimetolewa, na zimetusaidia sana. Lakini orodha huweka neno moja mbele ya neno moja, na injini haikupangwa kwa namna hiyo. Pale lugha moja inapotumia jina moja kwa vitu vitatu, lugha nyingine inaweza kuhitaji majina matatu, na hilo halionekani katika orodha mpaka mtu akione kitu chenyewe.

Sababu ya pili ni dharau, japo wengi hawataikubali. Lugha ya gereji huonekana kuwa ya watu wasiosoma. Tunasikia tabo, nozeli, ekzosi na rejeta, tunayaona kuwa maneno yaliyochakaa kwa grisi, tukaenda kutunga mengine. Wapo wenzetu wa upande wa pili wasemao kwamba kila neno la ufundi litoholewe kutoka Kiingereza, ili kazi iishe. Hao nao hatukubaliani nao. Masizi ni neno la jikoni lenye umri mkubwa kuliko injini yoyote, na hakuna neno la kigeni litakaloeleza vizuri zaidi kitu kinachokamatwa na chujio la pikapu mpya. Fundi husema injini inapumua, inakohoa, imebanwa. Hayo ni maelezo sahihi ya mwendo wa hewa, na hayakukopwa popote. Kutohoa na kubuni vyote ni halali. La muhimu ni kwamba jina limwongoze mtu mahali kitu kilipo na kazi kinayoifanya.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo tunapendekeza majina yafuatayo, nayo tunayaleta mbele ya wasomaji ili yajadiliwe:

(a) Njia ya kuingizia: sehemu zote ambamo hewa hupita tangu nje ya gari mpaka ndani ya silinda, pamoja na chujio la hewa.

(b) Gesi ya mwako: kila kitokacho katika silinda baada ya mafuta kuungua, kionekane kisionekane.

(c) Ekzosi: mabomba yanayochukua gesi ya mwako kutoka katika injini mpaka nje. Neno hili liachwe lilivyo katika vinywa vya mafundi, wala lisitumike kwa gesi yenyewe.

(d) Moshi: sehemu ya gesi ya mwako inayoonekana kwa macho. Litumike kwa maana hiyo peke yake.

(e) Nguvu: kazi kwa muda, ipimwayo kwa kilowati. Kani-mzunguko: uwezo wa kuzungusha, upimwao kwa nyutoni mita. Kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake.

(f) Tabo: chombo kizima. Gurudumu la gesi na gurudumu la hewa: sehemu zake mbili.

(g) Intakula: chombo cha kupoza hewa iliyotoka katika tabo.

(h) Kanieneo kinzani: msukumo unaoirudisha nyuma gesi ya mwako kwa sababu ya kizuizi katika ekzosi.

(i) Chujio la masizi: chujio lililo katika ekzosi. Kitendo chake kiwe kuondoa, wala kisiwe kufuta.

Zaidi ya majina, tunapendekeza utaratibu. Maandishi yoyote ya ufundi yasipitishwe mpaka yamesomwa kwa sauti mbele ya fundi aliyeshika kifaa chenyewe, naye aonyeshe kwa kidole kila kitu kinachotajwa. Pale kidole kitakaposita, neno hilo lirudi mezani. Kuuliza si ujinga, na gharama ya kumwalika fundi kwa siku moja ni ndogo kuliko bei ya pistoni.

Hitimisho

Huenda baadhi ya wasomaji wataona kwamba tumekipa kijitabu cha sanduku la vipuri heshima isiyostahili. Vitabu vya sheria na vya tiba, watasema, ndivyo vinavyohitaji uangalifu wa namna hii. Sisi twaona kwamba kijitabu hiki kimesomwa kwa imani kubwa kuliko vitabu vingi, na mtu aliyetia ndani yake fedha za mavuno mawili. Dereva huyo hakusema kwamba Kiswahili kimemwangusha. Alimwambia mwalimu kwamba safari nyingine atatafuta mtu wa kumsomea upande wa Kiingereza.

Maneno hayo yametuuma kuliko pistoni yenyewe, na hatuwezi kuyajibu kwa hotuba juu ya uwezo wa lugha yetu. Tumemwomba mwalimu aturuhusu kukifasiri upya kijitabu pamoja na wanafunzi wake na fundi yule yule aliyetoboa tundu mahali pasipofaa. Kazi imeanza. Ukurasa wa 14 sasa unasema: "Ncha ya kipimajoto ifungwe katika manifodi, kabla ya tabo. Joto la gesi ya mwako hapo lisizidi nyuzi 700 za selsiasi kwa muda mrefu. Likikaribia hapo, punguza mafuta." Fundi aliposomewa alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye manifodi.